Kufunga taa za LED nyuma ya SUV kwa barabara za Nyanda za Juu Kusini

Ukungu ukishashuka barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, au kule juu Kawetire ukielekea Chunya, au kati ya Njombe na Makete, dereva aliye nyuma yako haoni gari. Anaona taa mbili nyekundu, basi. Moja ikiwa imekufa, anadhani mbele yake kuna pikipiki. Zote zikiwa zimefifia, anakuja kukutambua akiwa ameshakukaribia mno, na kwenye mteremko wa lami iliyolowa lori lililobeba mbao za Mufindi haliwezi kusimama ghafla.

Ndiyo maana LED nyuma ya gari ni kazi yenye faida kubwa huku, ikifanywa sawasawa. Balbu ya kawaida ya breki huchukua takribani sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili, kwa sababu uzi wa ndani lazima upate moto kwanza. LED huwaka papo hapo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 4 katika muda huo, na mita hizo ni za yule anayekufuata.

Ikifanywa ovyo, utapata taa mbaya kuliko zile ulizong'oa: breki isiyotofautiana na taa ya usiku, indiketa inayokimbia, fyuzi inayokatika kila mvua ikinyesha. Mara nyingi balbu hulaumiwa bure. Wahalifu ni wawili, ethi mbovu (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bati la gari) na maji, na ndiyo maana mwongozo huu umewapa nafasi kubwa.

Amua kwanza unataka nini

Kuna kazi tatu, na si lazima uzifanye zote. Ya kwanza ni kubadilisha balbu ndani ya taa zilezile za gari. Ni kama saa moja tu, na gari halitobolewi popote. Ya pili ni kutoa riflekta nyekundu za bampa na kuweka zenye LED ndani, kitu kinachopendwa sana kwenye Harrier, RAV4 na Prado. Ya tatu ni kuongeza taa ambazo gari halikuja nazo: jozi ya spotilaiti za rivasi, au taa nyekundu ya ukungu. Hiyo ya tatu ndiyo yenye waya mrefu, relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) na drili. Itengee nusu siku.

Rangi hazina mjadala. Nyuma ya gari, nyekundu ni ya taa za usiku, breki na ukungu; rangi ya chungwa ni ya indiketa; nyeupe ni ya rivasi na ya kumulika namba ya gari, basi. Bluu usiweke. Breki inayopepesa kila ukigusa kanyagio usiweke. Askari wa usalama barabarani atakusimamisha, na atakuwa sahihi, kwa sababu anayekufuata husoma rangi kabla hajaona umbo la gari. Taa nyeupe ikiwaka nyuma yako wakati unakwenda mbele, mtu aliye kwenye ukungu anaweza kuamini kuna gari linamjia.

Kuijua balbu ya gari lako

Usiende dukani Mwanjelwa au Iringa mjini na jina la gari peke yake. Mwaka mmoja wa RAV4 unaweza kuwa na kitako tofauti na mwaka unaofuata. Chomoa balbu ya zamani, nenda nayo mkononi.

Balbu yenye kitako cha chuma na vidoti viwili chini, iliyoandikwa 1157 au P21/5W, ina kazi mbili: wati 5 kwa taa ya usiku, wati 21 kwa breki. Yenye kidoti kimoja, 1156 au P21W, ina kazi moja tu. PY21W ya indiketa inafanana na 1156, ila vipini vyake vya pembeni havikutazamana moja kwa moja, hivyo haziingiliani, usilazimishe. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni hutumia balbu za kuchomeka zisizo na kitako cha chuma: T20 ya kazi mbili huandikwa 7443 au W21/5W, ya kazi moja 7440 au W21W. Rivasi huwa T15 au T20, na ya namba huwa T10, ile ndogo ya wati 5.

Kununua LED kuna mambo matatu ya kuangalia, na uyape muda.

La kwanza, rangi ya LED ifanane na rangi ya lensi. Nyuma ya lensi nyekundu weka LED nyekundu. LED nyeupe inang'aa sana ukiitazama mkononi, lakini mwanga wake una nyekundu kidogo mno. Ukipita kwenye lensi nyekundu sehemu kubwa inamezwa, na kinachotoka ni mwanga uliofifia wenye kuelekea pinki. Indiketa nayo ni hivyohivyo: chungwa kwa chungwa.

La pili, tofauti kati ya taa ya usiku na breki. Balbu ya kawaida ina wati 5 dhidi ya 21, na macho ya dereva yamezoea kuona mruko huo. LED nyingi za bei rahisi huwaka karibu sawa katika hali zote mbili. Omba muuzaji akuwashie kwenye betri, sehemu zote mbili kwa zamu, na uitazame ukiwa umesimama mita 10. Usipoona mara moja kwamba breki imekanyagwa, iache hapohapo dukani.

La tatu, vidoti vya mwanga viwe pembeni pia, visiwe mbele peke yake. Taa ya gari ina kikombe cha kioo kinachosambaza mwanga unaotoka pembeni mwa balbu. LED inayomulika mbele tu huacha kidoti kimoja kikali katikati na giza pande zote.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa gari moja lenye kazi zote tatu:

- balbu za LED kwa idadi ya soketi zako. SUV nyingi zina 2 za breki na usiku, 2 za indiketa, 1 au 2 za rivasi, na 2 za namba
- flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) ya LED inayolingana na ya gari lako, pini 3 au pini 8
- jozi ya riflekta za LED za bampa, kama unazitaka
- spotilaiti 2 za LED, kila moja isizidi wati 18, zenye alama ya IP67 au zaidi
- taa 1 nyekundu ya ukungu
- relei 1 ya volti 12 yenye pini 4, na kiti chake
- kishikio cha fyuzi kisichopitisha maji, na fyuzi za ampia 5
- kishikio cha fyuzi pacha cha kuchomeka kwenye boksi la fyuzi, na fyuzi ya ampia 2
- waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 7. Na wa milimita 1, mita 10
- vichwa vya kubana vya pete vya milimita 6, viungio vya kubana vyenye gundi ndani, na mipira inayosinyaa kwa joto
- mfereji wa plastiki wenye mikunjo wa kufunika waya, kamba za plastiki za kufungia, msasa, rangi ya kuzuia kutu, grisi ya umeme, na raba za kuzuia waya usikatwe na bati

IP67 maana yake taa inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Haimaanishi itavumilia mashine ya kuoshea magari ikielekezwa kwenye mshono wake kwa karibu. Mwambie anayeosha.

Waya usinunue kwa macho. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na umejaa sokoni. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache. Una ukinzani mkubwa zaidi, na kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi hukatika ndani ya plastiki yake ambako huoni.

Vifaa vya mkononi: spana ya 10, bisibisi ya nyota, koleo la kubania vichwa, multimita, na taa ya kupimia ya volti 12. Thibitisha pia kwamba gari ni la volti 12. Magari machache ya dizeli ya zamani yana 24, na LED ya 12 hapo huungua mara moja.

Kubadilisha balbu

Zima gari, toa ufunguo, fungua kichwa cha hasi cha betri. Kama redio yako ina nambari ya siri, iandike kwanza.

Fungua mlango wa nyuma. Kwenye ukingo ulio kando ya taa utaona bolti au skrubu mbili, wakati mwingine chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Zitoe. Taa bado itakuwa imeshikwa kwa pini za plastiki upande wa nje, kwa hiyo ivute moja kwa moja kuelekea nyuma ya gari, sio kuipinda kwenda pembeni. Njombe, Makete na Mufindi asubuhi za Juni na Julai plastiki inakuwa kavu na pini hizi hukatika kirahisi. Subiri jua lipige gari, au weka kitambaa chenye maji ya moto juu ya taa kwa dakika chache.

Geuza soketi robo mzunguko kinyume cha saa, itoke. Kabla ya kuweka balbu mpya tazama ndani. Kijani au unga mweupe kwenye vibati vya soketi ni kutu ya shaba. Safisha kwa msasa laini. Kama plastiki imeyeyuka au kibati kimelegea, badilisha soketi nzima. LED iliyowekwa kwenye soketi iliyolegea itapepesa kila gari likipita kwenye tuta.

Weka balbu kwa mkono wenye kitambaa kikavu. Rudisha hasi ya betri na uwashe kabla hujafunga taa. LED ina upande wa chanya na hasi: ile ya kuchomeka isipowaka, ichomoe, igeuze nusu mzunguko, ichomeke tena. Mtu wa pili akanyage breki, wewe utazame nyuma. Pima hali hizi kwa mpangilio: taa za usiku peke yake, breki peke yake, vyote pamoja, kisha indiketa kila upande pamoja na vyote viwili. Hiyo hali ya mwisho ndiyo inayofichua matatizo ya ethi, na ndiyo watu huiruka.

Indiketa inayokimbia

Ukiweka LED kwenye indiketa, magari mengi huanza kupepesa kwa kasi maradufu. Flasha haijaharibika. Imetengenezwa kupima mzigo: balbu mbili za wati 21 zinavuta karibu ampia 3.5, na moja ikiungua mzigo unashuka, flasha inaongeza kasi ili dereva ajue. LED ya wati 4 inavuta ampia 0.3 hivi, kwa hiyo flasha inaamini balbu imekufa.

Tiba nzuri ni kubadilisha flasha yenyewe kwa ya kielektroniki isiyojali mzigo. Kwenye Toyota nyingi za Kijapani iko chini ya dashibodi upande wa dereva, nyingi zikiwa na pini 8. Ichomoe, nenda nayo dukani.

Tiba ya pili ni rezista ya omu 6, wati 50, moja kwa kila balbu ya LED, ikiungwa kati ya waya wa indiketa na ethi. Inafanya kazi, na kwa magari ambayo flasha imo ndani ya kompyuta ya bodi ndiyo njia pekee rahisi. Ila ielewe: kila inapowashwa inavuta zaidi ya ampia 2 na kugeuza karibu wati 30 kuwa joto. Bati lake hupita nyuzi 100 za Selsiasi ukiacha hazadi ikiwaka muda mrefu, kama vile lori limekufa Kitonga na foleni haisogei. Ifunge kwa skrubu kwenye bati tupu la bodi, mbali na waya, plastiki na zulia la buti. Kuibandika kwa gundi ya povu nyuma ya plastiki ya taa ni kuandaa moto.

Riflekta za bampa

Kazi ya mikono hapa ni ndogo. Bonyeza klipu kutoka nyuma ya bampa, riflekta inatoka, mpya inaingia kwenye tundu lilelile. Huwa na waya 3: hasi, taa ya usiku, na breki. Rangi za waya hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo zijaribu kwa betri kupitia fyuzi ndogo kabla ya kuunga: unaowasha mwanga hafifu ni wa usiku, unaowasha mkali ni wa breki. Upande wa gari tafuta waya kwa taa ya kupimia. Toyota nyingi hutumia mweupe wenye mstari mweusi kwa ethi, lakini kama mtu mwingine alishagusa waya hizo kabla yako, pima kila mmoja.

Jambo linalosahaulika ni kwamba riflekta ya awali ilikuwa inaokoa maisha bila umeme. Gari likizimika usiku na betri imekufa, ndiyo pekee inayorudisha mwanga wa anayekuja. LED nyingi za kubadilishia ni plastiki nyekundu tu isiyorudisha chochote. Kabla ya kununua, simama mita 10 usiku au mahali penye giza, mulika kwa tochi uliyoishika usawa wa macho. Isipokurudishia mwanga mkali, usiiweke. Au iweke na ubandike riflekta halisi nyekundu mahali pengine kwenye bampa, pande zote mbili.

Spotilaiti za rivasi

Spotilaiti mbili za wati 18 ni wati 36, sawa na ampia 3 hivi. Waya wa rivasi wa kiwandani haukuandaliwa kwa mzigo huo juu ya balbu zake. Kama taa zako za ziada ni ndogo, wati 10 kila moja, na balbu za rivasi za wati 21 umeshazitoa ukaweka LED za wati 5, jumla inakuwa wati 30 dhidi ya 42 za mwanzo. Hapo unaweza kuunga moja kwa moja bila relei. Ukizidi hapo, weka relei.

Relei iwe ndani ya buti, nyuma ya plastiki ya ubavuni, mahali pakavu. Pini zake zina nambari:

30 inapokea waya wa 2.5 kutoka chanya ya betri. 87 inakwenda kwenye chanya za spotilaiti zote mbili. 86 inapokea waya mwembamba kutoka waya wa rivasi wa taa ya gari. 85 inakwenda kwenye ethi.

Waya wa rivasi sasa unabeba umeme wa koili ya relei tu, pungufu ya ampia 0.2. Kama relei ina dayodi ndani, 86 lazima iwe chanya. Ukizigeuza 85 na 86 fyuzi ya rivasi itakatika papo hapo.

Fyuzi ya ampia 5 ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20. Fyuzi inalinda waya, na waya wote ulio kabla yake hauna ulinzi. Ukiiweka kwenye buti, una mita 6 za waya wa moto zinazopita chini ya miguu ya abiria bila chochote cha kuzikata zikigusa bati.

Unene wa 2.5 una sababu. Mita 6 za waya huo kwa ampia 3 hupoteza takribani volti 0.13. Waya wa 0.75, ule ambao mara nyingi huja kwenye boksi la taa, hupoteza zaidi ya 0.4, kabla hujahesabu viungio.

Pitisha waya kwenye raba iliyopo tayari ukutani kati ya injini na sehemu ya abiria, kisha chini ya plastiki za vizingiti vya milango hadi nyuma. Kwa barabara zetu usiupitishe chini ya gari kama una njia ya ndani; tope la Rungwe na mawe ya barabara za mashambani huko chini havina huruma na mfereji wa plastiki. Kaa mbali na waya zenye soketi za manjano, hizo ni za mikoba ya hewa na mikanda. Hata kuzipima kwa multimita usijaribu.

Taa zenyewe zifunge juu au chini ya bampa, zikitazama chini kidogo kiasi kwamba katikati ya mwanga inagusa ardhi mita 5 hadi 7 nyuma ya gari. Tumia nati za kujifunga. Ukitoboa bati, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa tundu, iache ikauke, weka raba, ndipo upitishe waya. Ukifunga taa kwenye mlango wa nyuma, waya wake lazima upite ndani ya bomba la raba linalounganisha mlango na bodi, na uwe waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Hapo ndipo waya wa taa ya namba na breki ya tatu hukatika kwenye SUV za zamani, kwa sababu hukunjwa kila mlango ukifunguliwa.

Wapo wanaotaka swichi ya kuwasha spotilaiti hizi hata gari likiwa halijawekwa rivasi, kwa kazi za shambani usiku. Ukiweka, swichi iwe na taa yake inayowaka usoni pa dereva, ili asije akaingia barabarani nazo.

Taa ya ukungu

Hii ndiyo taa tunayoipendekeza kuliko zote kwa anayepita Tukuyu, Makete au Mufindi mara kwa mara, na magari mengi yaliyotoka Japani hayana. Ni nyekundu, yenye nguvu karibu na ya breki, na inawaka muda wote unapokuwa ndani ya ukungu.

Ikiwa moja, ifunge upande wa kulia, upande wa dereva, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto. Kanuni ya 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu ufungaji wa taa za magari inataka iwe zaidi ya sentimita 10 kutoka kwenye taa ya breki, na urefu wa kati ya sentimita 25 na mita 1 kutoka chini. Umbali huo una maana: zikikaribiana, mwanga wa ukungu unaifunika breki.

LED ya wati 4 haihitaji relei. Chomeka kishikio cha fyuzi pacha mahali pa fyuzi iliyoandikwa TAIL, fyuzi ya nyongeza iwe ya ampia 2, peleka waya wa milimita 1 hadi kwenye swichi yenye taa, kisha nyuma. Kwa mpangilio huo taa ya ukungu haiwezi kuwaka bila taa za gari kuwashwa, na ukizima taa inazimika nayo. Iwashe ukiwa huoni zaidi ya mita 100 mbele. Ukungu ukifunguka, izime. Usiku mkavu inamuumiza macho anayekufuata na kumficha breki zako.

Ethi na maji

Usifunge ethi kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Tafuta bolti inayoingia kwenye bati la bodi, toa rangi kwa msasa hadi uone chuma kinachong'aa, ukubwa wa sarafu. Weka kichwa cha pete kilichobanwa vizuri, kaza, kisha paka rangi juu ya yote. Rangi inapakwa baada ya kukaza, kamwe si kabla. Bampa ya plastiki haina ethi, na mlango wa nyuma una ethi dhaifu kupitia bawaba. Vyote viwili vipelekee waya wao hadi kwenye bodi.

Pima kazi yako. Washa taa zote za nyuma, mtu akanyage breki, weka multimita kwenye volti: ncha moja kwenye hasi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Chini ya 0.1 ni safi. 0.2 inavumilika. Ukiona 0.5, rudi kwenye bolti.

Viungio vilivyosokotwa na kuzungushiwa tepu havidumu huku. Tepu hulegea kwa joto la mchana, maji huingia usiku, shaba inageuka kijani. Zile klipu za plastiki zinazouma waya bila kuukata pia ziache, zinakata nyuzi na kuacha tundu la maji. Tumia viungio vya kubana vyenye gundi ndani, uvipashe moto hadi gundi itokee pembeni. Kwenye kila soketi ya nje paka grisi ya umeme.

Waya ukikaribia taa au tundu la bodi, uachie ushuke chini kidogo kisha upande kuingia, maji yadondokee kwenye mkunjo badala ya kuufuata waya ndani. Silikoni ya kuzibia iwe ile isiyonuka. Inayonuka siki hutoa asidi wakati wa kukauka na hula shaba.

Kila taa ina vitundu vidogo vya kupumulia chini au nyuma. Usivizibe. Balbu ya zamani ilikuwa inakausha unyevu wa lensi kwa joto lake. LED hutoa joto lake nyuma, kwenye kitako, na lensi inabaki baridi. Kwa hiyo baada ya kuweka LED utaona mvuke kwenye lensi asubuhi zaidi ya zamani. Mvuke unaoondoka kabla ya mchana si tatizo.

Dalili na chanzo chake

Ukikanyaga breki taa za dashibodi au za namba zinawaka: ethi ya taa hiyo imekatika, au balbu ya kazi mbili ni mbovu na inavujisha umeme kutoka upande wa breki kwenda wa usiku. Rudisha balbu ya kawaida upande mmoja kwa zamu. Tatizo likihama, ni balbu. Usiliache, kwa sababu kwenye gari la otomatiki mkanganyiko huohuo unaweza kuzuia gia isitoke P.

LED inabaki na mwanga hafifu gari likiwa limezimwa: umeme mdogo wa ukaguzi kutoka kwenye kompyuta ya gari. Ni kawaida kwa magari ya Ulaya kama Discovery, X5 na Touareg, ambayo pia huandika kwenye dashibodi kwamba balbu imeungua. Nunua LED zenye kinga ya ukaguzi huo.

Fyuzi inakatika ukiweka balbu ya T20: vibati vimegusana au balbu ni ya mpangilio wa Kimarekani, yaani vibati vyake vya chanya na hasi vimepangwa tofauti. Badilisha balbu, sio fyuzi kuwa kubwa zaidi.

Betri inaisha asubuhi: chomoa fyuzi za taa ulizoongeza, weka multimita kwenye ampia kati ya kichwa cha hasi na betri, gari likiwa limefungwa kwa nusu saa. Zaidi ya 0.05 kuna kitu kinavuta. Rudisha fyuzi moja moja hadi ukipate.

Maji yaliyotuama chini ya lensi, tofauti na mvuke: mpira wa mzingo wa taa haukukaa, au pini moja ya plastiki ilikatika ukaifunga taa hivyohivyo. Ivue, usiitoboe; safisha mzingo, weka mpira mpya, na ukague tena baada ya mvua kubwa ya kwanza kwa kuingiza mkono nyuma ya plastiki ya buti kuona kama pamelowa.